Kiti cha Mgeni wa Dada

Nilikwenda kwa dada kuchukua kiti. Mvua ilikuwa imekatika, jua linazama, nami natembea upesi huku nikiruka madimbwi, maana saa hizo ndizo nilizoziogopa.

Mimi ni fundi makochi. Nabadilisha sponji, nashona vitambaa, napigilia misumari. Wateja huniita Mama Makochi, na kwa kweli makochi ndiyo watoto pekee niliojaliwa. Tangu mume wangu afariki, kila giza lilipoanza kuingia moyo ulinienda mbio bila sababu. Mikono ilitetemeka hadi mkasi ukaniponyoka. Hospitali walinipima wakasema moyo wangu mzima. Mzima! Wao hawalali nao.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kanisani ndiye anayeongoza maombi ya akina mama. Akisema jambo, mimi sina swali.

"Mdogo wangu, jioni ukae chini, mkono kifuani," aliniambia. "Vuta pumzi taratibu, toa taratibu. Weka kiti kitupu mbele yako. Sema, 'Karibu, keti.' Halafu mweleze yote yanayokusumbua, kama unavyonieleza mimi."

"Nimwite Yesu?"

Alitazama pembeni. "Usitaje jina. Anajijua."

Kiti chenyewe kilikuwa ukumbini, cha mbao chenye kikalio cha kitambaa, kimegeuziwa ukuta. Kilinuka udongo, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Nishikie upande mmoja basi, dada."

"Hapana... beba mwenyewe," alinong'ona. "Lazima ubebe mwenyewe."

Nilikiinua. Mgongo ukalalamika.

"Mbona kizito hivi? Kuna mtu amekikalia?"

Nilikuwa natania. Dada yangu, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka.

Nilikivua kitambaa chakavu, nikakiwekea sponji mpya, ile ngumu ninayowawekea wateja wakorofi. Jioni nikafanya kama nilivyofundishwa. Mkono kifuani. Pumzi ndani, pumzi nje. Karibu, keti. Nikamweleza habari za mume wangu, za kitanda kilichokuwa kikubwa mno, za kuogopa kufa peke yangu nikakutwa na mteja aliyekuja kudai kochi lake.

Moyo ukatulia. Jamani, ulitulia! Nililala usingizi wa mtoto mchanga. Nilimpigia dada simu kumshukuru, naye akauliza swali moja tu.

"Amekaa?"

Nikajua ni lugha ya maombi. "Amekaa, dada."

Alishusha pumzi ndefu. Nikadhani ni furaha.

Siku zilizofuata niliona sponji imebonyea katikati. Nikaibonyeza, ikarudi juu kama kawaida. Nikamlaumu muuzaji. Kesho yake ikawa imebonyea tena, na alama zilikuwa mbili, pana, za mapaja.

Sikuwa nimekikalia kiti kile hata mara moja.

Ningeacha, lakini utulivu ule ulikuwa mtamu, nami nilikuwa nimeukosa muda mrefu. Jioni nikakaa tena. Taa inawaka, nje majirani wanaanua nguo. Mkono kifuani.

"Karibu, keti."

Mbao zikalia... kriii...

Sponji ikashuka mbele ya macho yangu. Taratibu. Harufu ya udongo ikajaa chumbani.

Nikavuta pumzi. Mbele yangu, mtu akatoa ya kwake.

Nikatoa. Akavuta.

Nilitaka kukimbia, miguu ikagoma. Nikakumbuka mama alivyotufundisha tukiwa wadogo, radi zinapopiga: sala ile ile ya Baba Yetu, pumzi moja kwa sentensi moja, bila haraka. Nikaanza. Baba yetu uliye mbinguni... pumzi. Jina lako litukuzwe... pumzi. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini nilifika mwisho. Kisha nikasema kile ambacho dada alinikataza.

"Yesu, kaa na mimi."

Pumzi ya mbele yangu ikakatika.

Sponji ikapanda juu, polepole. Vishindo vya nyayo vikaelekea mlangoni, vikasimama.

"Dada yako alisema utanikaribisha," sauti ikanong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na masikitiko, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mlango haukufunguka, lakini harufu ilitoka.

Asubuhi nilikiburuta kiti hadi nje ya geti ili nikirudi nikichome moto, nikaenda kwa dada. Nilimkuta jikoni anasuuza vyombo, mwanawe wa mwisho anacheza sebuleni. Nikamweleza yote. Sahani ikamtoka mkononi.

"Mgeni huyo nilirithishwa na mama mkwe," alisema bila kuniangalia. "Mimi nilidhani ananipa kiti tu. Hatoki hadi mwingine abebe kiti mwenyewe, na amkaribishe kwa mdomo wake. Nilichoka, mdogo wangu. Alianza kukaa karibu na watoto."

"Kwa hiyo ukaniuza mimi."

"Wewe..." Akainama kuokota vipande vya sahani. "Wewe huna watoto."

Sikulia. Nilihisi baridi tu. Mwanamke huyu ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu, ndiye aliyenishika mkono kaburini. Nilimweleza kitanda changu kilivyo kipana, naye akaona nafasi ya mgeni wake.

"Lakini bado yuko kwako?" akauliza.

"Ameondoka. Nilitaja jina."

Uso ulimshuka. "Ameenda wapi?"

Sebuleni, mtoto akacheka.

"Mama! Mbona huyu mgeni hasalimii?"

Tulikimbia. Mtoto alikuwa sakafuni na mwanasesere wake, anatazama kochi nililomzawadia dada mimi mwenyewe. Sponji niliyoikata kwa mikono yangu ilikuwa imebonyea, mapaja mawili.

Dada akanishika mkono. "Nisaidie. Ulisemaje?"

Nikamwambia. Mkono kifuani, pumzi taratibu, kisha jina. Akafungua mdomo. Kiongozi wa maombi wa miaka yote ile! Midomo ilichezacheza, jasho likamtiririka, jina halikutoka.

Mtoto ndiye aliyelitaja, kwa sauti nyembamba, kama anavyolitaja kabla ya kula. Nikalirudia pamoja naye. Sponji ya kochi ikapanda juu.

Mgeni alikokwenda safari ile, hakuna anayejua. Niliporudi nyumbani na kibiriti, kiti hakikuwepo getini. Kuna mtu alikiona kizuri akakibeba mwenyewe.

Hadi leo jioni husali, pumzi moja kwa sentensi moja, nikianza na jina. Moyo hutulia. Dada aliniomba msamaha kwa magoti, nami nikamsamehe, angalau nimejitahidi. Siku hizi kila nikienda kwake hunivutia kiti, anakipangusa kwa kanga yake, ananitazama usoni.

"Karibu, mdogo wangu. Keti."

Nami humjibu kwamba sijachoka, nikabaki nimesimama.