Hodi Tatu

Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, Nuha alivuka reli ya Voi kwenda ofisi ya kompyuta ya Mwandawiro. Alikwenda kusoma namba moja tu. Ilikuwa mwaka 1999, na tovuti ya nyumba ya wageni ya baba yake ilikuwa na kaunta ya kuhesabu watazamaji, iliyoongezeka moja kila tovuti ilipofunguliwa. Nuha aliiandika namba hiyo kiganjani akampelekea baba.

Baba yake, Idris, alikuwa akimngoja barazani. Mama yake, Mwanatumu, ndiye aliyezoea kuwapokea wageni wanaokwenda mbuga ya Tsavo, lakini mama alifariki mwezi wa Februari, na tangu hapo vitanda vilitandikwa bila kulaliwa. Baba alikwishakata shauri: wageni wasipopatikana kufikia mwisho wa Desemba, nyumba itafungwa, nao watahamia Mombasa kwa bibi. Nuha alilia kila alipofikiria kuliacha kaburi la mama.

"Wangapi leo, mwanangu?"

"Arobaini na mmoja, Baba."

Ilizidi ya wiki iliyopita kwa moja tu, na hiyo moja ilikuwa ya Nuha mwenyewe. Baba aliinamisha kichwa, na chai yake ikapoa.

Jumamosi iliyofuata Nuha aliifungua tovuti, akaifunga, akaifungua tena na tena. Kazi hiyo ilichosha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya mama amesimama mlangoni na sinia ya mahamri, nayo ilishuka polepole mno. Kila mara Nuha aliifunga kabla uso wa mama haujakamilika. Alirudi nyumbani na namba sitini, na baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Basi akaendelea hivyo kila wiki.

Mwezi wa Novemba Mwandawiro, aliyeitengeneza tovuti, alifika nyumbani. "Bwana Idris, ile picha ni nzito. Tuipunguze."

"Watu wanazidi kila wiki, nawe wataka nimwondoe mke wangu?" baba alijibu. "Mwache alipo."

Mwandawiro akaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nuha iliishia siku alipomkuta baba akikunja mashuka na kuyatia sandukuni.

"Namba ni kubwa, lakini hakuna anayekuja," baba alisema. "Labda bila mama yako nyumba hii haipendezi."

Nuha hakuweza kuvumilia. "Baba, wale watu ni mimi. Nilikuwa naifungua mwenyewe ili ufurahi."

Baba hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda kwa Mwandawiro, ambaye aliwaonyesha orodha ya mara zote tovuti ilipofunguliwa, iliyotoka kwa kampuni inayoihifadhi.

"Hizi za Jumamosi ni za kompyuta hii," Mwandawiro alisema. "Nyingine kumi na tisa ni za wageni wa ng'ambo. Wote wamefika ukurasa wa kwanza, na wote wameondoka kabla picha haijamaliza kufunguka. Hakuna aliyeviona vyumba."

Baba aliitazama picha ya mke wake kwenye skrini. "Mgeni hupiga hodi tatu," alisema mwishowe. "Asipojibiwa, huenda zake. Mwanatumu alifungua mlango bila kungoja hata hodi ya pili. Na mimi nimemweka mlangoni, anawasubirisha watu." Machozi yalimtoka. "Ipunguze, Mwandawiro. Mweke kurasa za ndani, karibu na picha ya jikoni."

Wiki ya pili ya Desemba barua pepe ilifika kutoka Ujerumani, na siku chache baadaye dereva alileta watalii wanne. Alipopiga hodi ya kwanza, baba alikuwa ameshafika langoni.

"Karibuni," alisema, akawapokea mizigo.

Asubuhi yake baba na Nuha walikwenda kung'oa magugu kaburini.

"Namba zako zilinifariji," baba alisema, "lakini zilinifanya kiziwi. Watu kumi na tisa walipiga hodi, nami sikuwasikia. Ukiniona nina huzuni, mwanangu, nipe ukweli, hata kama utaniliza. Tutalia pamoja, halafu tutajua la kufanya."

"Nimesikia, Baba. Nisamehe."

Baba alimpangusa machozi kwa ncha ya kanzu yake. Kisha wakarudi upesi nyumbani, kwa kuwa wageni walikuwa hawajapata chai.