Uzi Mwekundu Mkononi

Jua lilipochomoza, Haraka alikuwa ameshamaliza safu mbili za mibuni. Haraka si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la utani, na alilistahili. Alikula akiwa amesimama. Alipochuma kahawa, alishika tawi zima na kulivuta. Mbivu, mbichi, majani, vyote viliingia kikapuni.

"Mume wangu," alisema mkewe, Mama Pacha, "ile methali ya haraka haraka haina baraka walikutungia wewe."

"Baraka ni kikapu kujaa," Haraka alijibu.

Mama yake Haraka, ambaye wote walimwita Bibi, hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni, amevaa sweta lake jekundu. Mibuni ile aliipanda yeye, kwa mikono yake. Lakini mwaka uliopita kahawa yao ilionjwa kiwandani ikaonekana haifai kuuzwa peke yake. Ilimwagwa pamoja na kahawa ya mashamba mengine. Magunia yakaandikwa MCHANGANYIKO.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kisomo cha watu wazima. Hilo ndilo neno la kwanza alilolisoma nje ya darasa. Lilimuuma sana.

"Miaka arobaini ninapalilia mchanganyiko!" alisema. "Nataka nione gunia la shamba letu peke yake kabla sijafumba macho."

Mama Pacha aliweka kikapu chini. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yao. Jirani huyo alikuwa mwonjaji wa kahawa kiwandani. Watu walimwita Bi Pua, kwa sababu ukiunguza maharage yako, yeye alijua akiwa kwake.

Bi Pua alikuja mchana huo. Bibi alimkaribisha kwa kahawa. Aliichemsha kama siku zote, kwa moto mkali, mpaka ikafurika na kuzima jiko. Bi Pua alionja kidogo. Macho yakamtoka.

"Bibi, kahawa hii inaweza kuwasha trekta!"

Wote waliangua kicheko, hata Bibi. Kisha Bi Pua akauliza, "Ikishakauka mnaiweka wapi?"

Haraka alifurahi kuulizwa. Aliwapeleka kwenye ghala lake lenye kufuli kubwa. Ndani kulikuwa na magunia ya kahawa. Juu yake vilining'inia vitunguu. Kando lilikaa debe la mafuta ya taa.

Bi Pua aliinama akanusa gunia. Akashika kichwa.

"Kumbe ni nyinyi! Mwaka jana niliandika: ina ladha ya kitunguu. Sisi tunaonja kwa namba, hatuoni jina. Sikujua kama ni kahawa ya jirani zangu."

"Lakini ghala langu halijawahi kuingia mwizi!" Haraka alilalamika.

"Mwizi hakuingia, baba. Harufu iliingia. Kahawa ni mmbea. Inabeba kila kinachopita karibu yake."

Kisha Bi Pua akachukua tunda jekundu kikapuni. "Nyonya hili."

Haraka akanyonya. Lilikuwa tamu! Akapewa la kijani. Uso ukamkunjamana.

"Basi hivyo ndivyo kikombe kinavyokuwa," alisema Bi Pua. "Mbivu inaleta utamu. Mbichi inaleta ukali wa majani. Fungeni uzi mwekundu mkononi. Tunda lisilofanana na uzi, liacheni lisubiri."

Uzi mwekundu haukuwepo nyumbani. Watu wote wakamgeukia Bibi.

"Msiniangalie hivyo," alisema, akilishika sweta lake. Halafu akauma mshono wa begani, akavuta. "Chukueni uzi wa mkono mmoja tu. Na kahawa ikikataliwa tena, mtanitambua!"

Kuanzia siku hiyo Haraka aliona cha moto. Mkono ulitaka kuvuta tawi, uzi ukamkataza. Alichuma tunda moja moja. Kila jioni walimenya kahawa, wakaiacha kwenye pipa mpaka utelezi ulioshika punje ulipolegea. Kisha wakaiosha kwa maji safi. Waliianika juu ya vichanja, si chini kwenye vumbi. Mama Pacha aliigeuza mara kwa mara. Mawingu yakitanda, alikimbia kuifunika kabla ya kuanua nguo za wanawe. Ilipokauka vizuri, iliwekwa ghalani peke yake, juu ya mbao. Vitunguu vilihamia jikoni. Debe la mafuta lilipelekwa banda la nyuma.

Siku ya kuonja ilifika. Familia ilisubiri nje ya kiwanda. Haraka alishika karatasi yenye namba saba. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametulia mahali pamoja. Bibi alikuwa amevaa sweta la mkono mmoja.

Mlango ulifunguliwa ghafla. Bi Pua alitoka na wenzake wanne.

"Namba saba ni ya nani?"

"Yetu!" Haraka aliruka. "Imekataliwa?"

"Imekataliwa nini! Ina utamu wa asali na chungwa. Hii haichanganywi na kitu!"

Mama Pacha alipiga vigelegele. Haraka alimkumbatia Bi Pua, kisha mlinzi, kisha mtu asiyemjua kabisa.

Bi Pua aliwaingiza ndani. Kahawa ilikuwa imekaangwa mpaka ikawa ya kahawia, si nyeusi. Aliisaga palepale. Maji yalipochemka, aliyaacha yatulie kidogo, akayamwaga juu ya kahawa, akafunika kwa dakika nne, akachuja. Bibi alikunywa bila sukari. Akatazama ndani ya kikombe.

"Kumbe hiki ndicho nilichopanda," alisema, na machozi yakamtoka. "Na mimi naichemsha mpaka inakufa!"

Uani, mfanyakazi alikuwa anaandika kwenye gunia lao la kwanza. Bibi alisogea karibu. Aliweka kidole juu ya rangi iliyokuwa bado mbichi, akasoma polepole.

"Sha-mba... Shamba... mo-ja. Shamba moja!"

Alisoma tena, kwa sauti kubwa, ili uani wote usikie. Kisha akamgeukia mwanawe na kumwonyesha bega lake lililo wazi.

"Haya, Haraka. Sasa fanya haraka. Nataka sweta jipya."