Maji Yaliyomficha Jini

Mama Mdogo alikosa, wala hamsingizii shetani. Hadi leo kila akiswali huomba toba.

Mtoto wa dada yake, fundi cherehani waliyemwita Sindano, siku moja alishona gauni lenye mikono yote miwili upande mmoja. Mteja akacheka. "Fundi, umeniona nina mabawa ya kuku?"

Sindano hakucheka. Aliuliza nani anaunguza nywele. Hakuna aliyekuwa akiunguza kitu.

Kichwa kikaanza kumgonga. Mkono wa kushoto ukawa kama wa mgeni, ukipapasa meza polepole mithili ya kipofu atafutaye mlango. Kisha, mchana kweupe, akatoa sauti nzito isiyo yake: "Nimekaa kwenye mishipa yake. Nani atanifuata humo?"

Wakahangaika hospitali. Damu safi, picha ya kichwa safi. Daktari mmoja alisema ni mawazo, mwingine kifafa, wa tatu akamshauri apunguze kushona.

"Akipunguza, utamlisha wewe?" Mama Mdogo akamuuliza.

Kabla ya hospitali hizo zote, sheikh alikuwa ameshakuja, akasomea maji. Sindano akinywa, anapoa. Sheikh akasifiwa mtaa mzima, na Mama Mdogo akanyamaza, ingawa ndani ya maji yale alikuwa akisaga vidonge vyake vya pumu, vile vikali vya kutuliza uvimbe. Alianza kwa kubahatisha. Vilipofaa, akaona haya kusema, asije akaonekana hana imani na kisomo. Na kila wakienda kupimwa alimnywesha kwanza, mgonjwa asije akawaaibisha njiani.

Vidonge vikaisha. Sindano akaanguka, akapelekwa kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole, naye akauliza, "Akipata nafuu, huwa mmempa nini?"

Mama Mdogo akafungua kinywa, na papo hapo chumba kikapoa, pazia likatulia kama limeshikwa, na mgonjwa, macho yamefumbwa, midomo haichezi, akanong'ona kwa ile sauti nzito, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, "Usimwambie, Mama Mdogo. Si tumekaa vizuri?"

Mama Mdogo akasema yote.

"Kumbe mlikuwa mnaufunika ugonjwa," daktari akasema, akishusha pumzi. "Vidonge vinautuliza kidogo, vipimo havioni kitu, nao unaendelea kula. Tutakata kipande kidogo cha ubongo, leo."

Wakakipima. Mishipa ya damu ya ubongo ilikuwa imevimba, mwili ukiishambulia wenyewe. Ugonjwa adimu, na baadhi ya mishipa ilikwisha ziba. Akapewa dawa nzito. Sauti ikakoma, ila mkono wa kushoto haukurudi wote.

Siku moja, akijifunza kutunga uzi upya, Sindano aliuliza, "Mama Mdogo, nani alikukataza kusema? Nilimsikia. Alikuwa amesimama nyuma yako."

Mama Mdogo hakugeuka.

Basi nawe unayesikiliza, nakuomba: ukimpeleka mgonjwa, mwambie daktari kila ulichomnywesha, hata kikikuaibisha.