Chacha ya Bibi Manana

"Elie! Ni nani huyu mama?"

Elie aligeuka, mikono imejaa maganda ya zabibu. Précieuse alikuwa amesimama mlangoni, begi bado begani, macho mekundu. Alikuwa ametoka Columbus kwa basi, akaja moja kwa moja hadi karakana hii ya Jeffersontown, kwa sababu ya ujumbe wa rafiki yake Janet:

"Huyo mchumba wako kila Jumamosi anaingia kwa mzungu fulani. Alikwambia ni overtime? Fungua macho, dada."

Mzungu mwenyewe alikuwa bibi kizee mwenye kitambaa kichwani, ameketi kando ya mtungi wa shaba unaochemka.

"Ni Bibi Manana," Elie alisema. "Ametoka Georgia, ile nchi ya kule jirani na Urusi. Mume wake alikufa. Ananifundisha kazi yao."

"Kazi gani?"

Elie akamwonyesha maganda mikononi. "Chacha. Maganda yanayobaki wakishakamua zabibu, wanayachachusha, wanayachemsha, mvuke unapoa..."

"Pombe."

"Ndiyo."

"Donc, kumbe ulinificha."

"Niliogopa. Najua habari ya papa yako."

"Hauijui! Papa alikunywa mpaka akauza mlango ya nyumba. Mlango, Elie! Tulilala na pazia, mama amekaa macho na panga. Leo niolewe na mtu wa hii kazi?"

Bibi Manana hakujua Kiswahili, lakini machozi aliyaelewa. Akamsogezea msichana kiti.

"Kijana wako ana mkono mzuri," alisema kwa Kiingereza cha kusuasua. "Wanangu hawaitaki kazi hii. Kwetu baba humfundisha mtoto. Mume wangu alipokufa, nilidhani moto huu nitauzima mimi."

Mara mtungi ukapiga mluzi. Mvuke ulikuwa ukivuja ukingoni mwa kifuniko, pale Elie alipoziba kwa unga uliokandwa, kama wafanyavyo kwao bibi.

"Zima moto!" bibi alipiga kelele.

Elie alirukia jiko. Précieuse alichungulia bakuli la unga, akapandisha mikono ya sweta.

"Ni nani alikanda huu unga? Ni maji tupu!"

Akaongeza unga, akakanda kama wa chapati, na shaba ilipopoa akauzungusha ukingoni, akiukandamiza kwa vidole. Walipowasha tena, mvuke haukuvuja hata kidogo. Elie akatabasamu.

"Usicheke. Sijakusamehe."

"Nikiacha hii kazi?"

Précieuse alimtazama bibi akipapasa ule unga kwa furaha.

"Sikuombi uache. Nakuomba usinidanganye. Na mama yangu utamwambia wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Mama yake Précieuse aliishi Buffalo. Elie alimpigia simu.

"Mama, jambo. Ni Elie. Mama... kazi yangu ni kutengeneza pombe."

Mama yule akauliza:

"Na kukunywa?"

"Naonja kijiko, natema."

"Bon. Kuja nikuone."

Simu ikakatika.

Wiki iliyofuata waliendesha gari hadi Buffalo, theluji ikianguka. Mama alifungua mlango, hakusalimia. Alimshika Elie kidevu, akamwinamisha, akamnusa mdomo mbele ya wajomba wote wa Précieuse. Elie alifumba macho. Nyuma ya mgongo wake, Précieuse aliupata mkono wake, akaubana.

"Harufu ya chai," mama alitangaza.

Hakukiachia kidevu. Alimtazama, macho yakimlowa.

"Ingia, mkwe wangu. Ugali inapoa."