Damu Aliyopewa Rosalie

Rosalie alikutwa amekufa kitandani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, macho ya manjano kama bizari. Majirani hawakungoja polisi. Muuaji walishampata: Annonciata, mjane wa Kirundi aliyempikia uji tangu augue.

"Alimutilia sumu!"

Inspekta Mwafulirwa, mzaliwa wa Karonga, mpakani na Tanzania, aliyejua Kiswahili vizuri, alimkuta mama huyo amejifungia ndani, mlango ukipigwa mawe. Akamwondoa kwa gari lile lile lililobeba maiti hadi Lilongwe.

Daktari alipasua maiti. "Hakuna sumu. Ini limeoza kwa virusi vya homa ya ini. Na hili kovu la tumboni?"

"Walimupasua uvimbe wa kizazi, hapa Lilongwe," Annonciata akasema. "Damu ilimuisha. Raphaël, jirani yetu, njo alimupa yake."

"Huenda ilipimwa ukimwi tu," daktari akasema. "Vipimo vya homa ya ini huadimika."

"Raphaël yuko wapi?" Inspekta akauliza.

"Alihama kambi. Anashona nguo soko ya Chilinde, hapa mujini."

Raphaël, mtu wa Uvira, Kongo, alikuwa peke yake kwenye cherehani. Alipoona sare, akatangulia kuuliza:

"Rosalie iko namna gani?"

"Amefariki."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Uliwahi kuugua macho ya manjano?"

"Kule Uvira. Docteur alinikataza kutoa damu. Alisema ugonjwa ungali ndani."

"Muuguzi hakukuuliza?"

"Aliuliza. Nikasema sijawahi kuugua."

"Kwa nini?"

"Bengine damu yao haikupatana na yake. Walisema bila damu hafiki jioni." Akafunika uso. "Bantu bangu boote balikufa, Inspekta. Rosalie peke yake alikuwa ananiita kaka. Nilijua damu yangu inaweza kumuua. Lakini siku ile nilitaka aishi."

"Ukamkimbia?"

"Macho yake yalipogeuka manjano, nilishindwa kumutazama."

Inspekta aliwarudisha Raphaël na Annonciata Dzaleka, akayasema yote mbele ya majirani. Walisikiliza, kisha wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyemwomba Annonciata msamaha. Alisimama kati ya vyungu vyake vilivyovunjwa, akimtazama Raphaël.

"Utanishitaki?" Raphaël akamuuliza.

"Hapana. Lakini ujue jambo moja. Kila jioni alikuwa anauliza: kaka yangu amefika? Nilikuwa namudanganya. Nilisema uko njiani."

Raphaël aligeuka. Akajipandia mwenyewe kwenye gari la polisi, akakaa pale maiti ilipolazwa.