Mawe Yaliyogeuka Mashimo

Kila siku baada ya masomo, klabu ya sayansi ilikusanyika maktabani kuhesabu mawe. Si mawe ya uwanjani, la hasha! Yalikuwa mawe ya asteroidi, mwamba mkubwa unaolizunguka jua mbali sana na dunia. Chombo cha anga kisicho na rubani kilikuwa kikiupiga picha mwamba huo. Karibuni kingeshuka kuchota udongo wake, na kikitua juu ya jiwe kingepinduka. Ndiyo maana wataalamu waliziomba shule zisaidie kutafuta mahali pasipo na mawe.

Kila picha ilihesabiwa na watu wawili. Mwewe, msichana aliyeitwa hivyo kwa ukali wa macho yake, alikaa meza moja na Kobe, msichana ambaye jina lake halihitaji maelezo. Picha iliwekwa katikati, nao wakaketi wakitazamana. Mwewe alikuwa akimaliza kabla Kobe hajachonga penseli. Hesabu zao zilipotofautiana, mwalimu alizikata za Kobe kwa kalamu nyekundu.

"Ongeza umakini, Kobe," alisema. "Mwenzako ndiye atakayesoma ripoti mbele ya wazazi kesho, kisha tuitume."

Kichwa kilimvimba Mwewe. Jioni hiyo alimwonyesha mama yake picha moja. Mama alikuwa fundi wa plasta, na saruji ilikuwa bado imemganda mikononi.

"Hapa hakuna jiwe hata moja, mama. Ni vishimo tu. Chombo kitatua raha mustarehe!"

"Jua lilikuwa upande gani?"

"Kishale hiki ndicho kinachoonyesha. Hapa chini."

"Mbona upande unaong'aa ndio ulio karibu na jua? Ukutani kwangu shimo haling'ai hivyo, mwanangu. Kinachong'aa hivyo ni kivimbe. Hebu igeuze."

Mwewe aliigeuza. Vishimo vyote vikawa mawe! Siku zote hizo alikuwa amezitazama picha juu chini, kwa sababu upande sahihi wa meza ulikuwa wa Kobe.

"Lakini mwalimu ameshanisifu," alinong'ona.

"Mimi nikikosea ukuta naubomoa mwenyewe," mama alisema. "Simngojei mwenye nyumba auone."

Kesho yake ukumbi ulijaa wazazi. Mwewe alisimama, karatasi mkononi.

"Ripoti hii si sahihi," alisema. "Nilizitazama picha juu chini. Hesabu za kweli ni za Kobe, zile zilizokatwa."

Mwalimu alimgeukia Kobe. "Nisamehe, binti yangu. Niliamini haraka ya mwenzako bila kukagua."

Hapo hapo wasichana hao wawili walikaa upande mmoja wa meza, wakahesabu upya picha baada ya picha, kila mmoja kwenye karatasi yake. Hesabu zililingana. Ripoti mpya ikatumwa kabla wazazi hawajaondoka.

"Watoto," mwalimu alisema, "kule juu hakuna mtu wa kukiambia chombo, 'Angalia, jiwe hilo!' Kinategemea haya tunayoyaandika. Kukosea tutakosea sote. Lakini anayesema kosa lake mapema, hata kama linamvunjia sifa, huyo ndiye wa kukabidhiwa kazi kubwa."

Mama yake Mwewe alisimama akapiga makofi mpaka vumbi la saruji likaruka.

"Hao ni wanangu!" alimwambia mwanamke aliyekaa kando yake. "Wote wawili!"

"Mmoja ni wangu," alijibu mama yake Kobe, naye akasimama.