Saa Chini ya Kipanya

Haya alinisimulia mjukuu wangu juzi jioni, tukianua nguo. Sisi humwita Kwanini, kwani neno hilo halimtoki mdomoni.

Siku moja ya likizo alifuatana na shangazi yake kazini, kwenye kampuni kubwa inayotunga programu za kompyuta. Macho yalimtoka! Matunda ya bure, viti vya kuzunguka, hata chumba chenye vitanda.

"Shangazi, kwa nini kazini kuna vitanda?"

"Ili tusiende nyumbani," alijibu shangazi, akipiga mwayo.

Kwenye kompyuta, kila jina lilikuwa na kitaa cha kijani. Kipanya kisipotikisika kwa muda, kitaa huzimika, na meneja huona. Basi shangazi akavua saa yake ya mkononi, akaiweka chini ya kipanya, akalaza kichwa mezani. Mshale wa saa ulipozunguka, kipanya kilidhani kinasukumwa. Kitaa kikaendelea kuwaka.

Mara meneja huyo, amesimama.

"Mtoto mzuri, shangazi yako yuko kazini kweli?"

Kwanini akababaika. Akisema kweli, shangazi huenda akafukuzwa. Akitaka kudanganya, ulimi mzito.

"Amelala, bosi. Hata nyumbani siku hizi halali. Lakini kwa nini kitaa hakijui?"

Shangazi akagutuka. Meneja akainua kipanya, akaiona saa.

Kwanini alikuwa akiutazama mkono wa meneja. "Bosi, mbona una alama ya saa, na saa yenyewe haipo?"

Meneja akakuna kichwa. "Iko chini ya kipanya changu," akasema kwa sauti ndogo.

Watu wakaangua kicheko, na saa zikaanza kuchomolewa, meza baada ya meza.

"Kumbe tunadanganyana wote!" meneja akasema. "Hapa kwetu vitaa hivi navizima leo. Nitauliza kazi imefika wapi, basi. Wakubwa nitawaeleza mwenyewe. Jioni kila mtu kwao."

Siku hiyo walifika nyumbani jua bado lipo. Shangazi akajitupa kitandani, Kwanini pembeni yake.

"Nilidhani nimekuponza, shangazi."

"Umeniokoa, mama. Kuchoka si kosa. Kosa langu ni kuficha. Nawe ukichoka, sema."

"Sasa shangazi, kwa nini wakubwa..."

Shangazi alikuwa keshaanza kukoroma. Kwanini akavuta shuka, akalala na swali lake.